Kuku wanadonoana? Angalia kwanza wamemdonoa wapi

Wiki kama tatu zilizopita jirani yangu mmoja, ni fundi cherehani hapa mtaani, alikuja mlangoni kamfunga kuku kwenye kanga kama mtoto anayepelekwa kliniki. Akamfunua. Mgongo wote upara, ngozi nyekundu, nyuma ya kichwa nako hamna kitu. "Jirani hebu niangalizie huyu, wenzake wanamwonea mpaka basi." Na kabla sijafungua mdomo akaanza kunisomea ushauri alioshapewa, yule wa duka la vyakula vya mifugo kamwambia aweke chumvi kwenye maji, kaka yake kamwambia awakate midomo wote, mama mkwe kasema kuku akishaonja damu hana dawa, achinjwe tu, na mwingine akamvuta pembeni akamwambia angalia sana hapo kwako kuna mkono wa mtu.

Watu wanne, majibu manne, kuku mmoja. Na ukiuliza popote pale wafugaji walipo utapata hayohayo, kila mtu anajibu kwa uhakika kabisa na kila mtu anajibu kitu tofauti.

Sasa hao watu sio waongo (ukimtoa yule wa mkono wa mtu). Shida ni neno lenyewe. Tukisema kuku "wanadonoana" tunakuwa tumetia kwenye kapu moja mambo manne ambayo hayana undugu. La kwanza ni kudonoana kwa ajili ya cheo, yaani nani mkubwa nani mdogo. La pili ni kunyofoana manyoya, hapo wala hakuna ugomvi, mmoja katulia zake anaota jua, mwenzake kasimama nyuma anamchomoa nyoya mojamoja na kulimeza. La tatu ni kulana, hapo tunaongelea damu na nyama. La nne ni vitu vinavyofanana na uonevu ila sio uonevu, jogoo, chawa, kubadilisha manyoya, au kuku kazaliwa hivyohivyo. Dawa ya moja haitibu jingine, ndo maana mtu anakata midomo na bado kuku wanabaki na upara, au anachinja mchokozi na wiki ijayo anatokea mchokozi mwingine.

Tuanze na cheo

Kuku wakikaa pamoja lazima wapangane. Aliyekuja kulieleza hili kitaalamu ni Mnorwei mmoja, Thorleif Schjelderup-Ebbe, ambaye tangu akiwa mtoto mdogo alikuwa anakaa na kuku wa kwao anaandika nani kamdonoa nani, wenzake wanacheza yeye anahesabu, mpaka alipokuja kuchapisha kazi yake mwaka 1922. Alichogundua ni kwamba kudonoa hakuendi ovyoovyo. Wa juu anamdonoa wa chini, wa chini harudishi, anampisha tu. Ila pia aliona kitu cha kuchekesha, ngazi hainyooki siku zote. Unaweza kukuta mweusi anamtawala mwekundu, mwekundu anamtawala madoa, halafu huyohuyo madoa anamkimbiza mweusi. Kwa hiyo ukiona bandani kwako hesabu hazikai sawa, usishangae.

Fikiria foleni ya ndoo bombani, mtaa ambao maji yanatoka mara mbili kwa wiki. Siku za mwanzo ni kelele tu, ndoo zinasukumwa, watu wanatukanana. Baada ya wiki mbili tatu kila mtu anajua nani anatangulia, yule mama wa kona akitokea tu na madumu yake unasogea bila kuambiwa, mambo yanaenda kimya kimya. Cheo cha kuku ndo kinafanya kazi hiyo. Watu wanadhani cheo ndo kinaleta ugomvi, kumbe cheo ndo kinaumaliza, ugomvi unakuja pale ambapo foleni bado haijajulikana au kuna mtu kaja kuivuruga.

Vifaranga wanaanza kupimana nguvu wakiwa bado wadogo, ikifika wiki ya sita, ya saba, ya nane hivi unaanza kuona mpangilio wenyewe. Kinachoamua ni umri, uzito, afya, nani alikuwa wa kwanza kukaa hapo, na hata ukubwa wa ule upanga wa kichwani, maana upanga mkubwa na mwekundu unaendana na homoni na wenzake wanausoma kama cheo begani. Majogoo wana ngazi yao na mitetea wana ya kwao. Na kuku wanatambuana kwa sura, hasa kichwani, kwa hiyo kuku wako akiugua ndui uso ukavimba, au upanga ukasinyaa kwa ugonjwa, wenzake wanaweza kumgeukia ghafla kama mtu wasiyemjua. Kuku aliyekuwa namba mbili akishuka mpaka wa mwisho ndani ya siku chache, mi huwa siangalii nani anampiga, naangalia anaumwa nini.

Kudonoa kwa cheo kwa kawaida ni kumoja, kichwani au shingoni, mwenzake anasogea, imeisha. Hiyo usiingilie, na usimwonee huruma wa mwisho kwa sababu tu ni wa mwisho, lazima awepo wa mwisho. Kinachotakiwa kukushtua ni mtu kufukuzwa kutoka kona mpaka kona, kuzuiwa asifike kwenye chakula, kujificha kwenye kiota kutwa nzima, au damu. Na kuna kipimo kimoja ambacho hakihitaji utaalamu. Usiku wakishapanda kulala, pita na tochi, mguse kila mmoja kile kifuko cha chakula kifuani. Aliyekula vizuri kimejaa, kama mpira mdogo uliojazwa unga. Mwenye kifuko kitupu wakati wenzake wamejaa, huyo wanamnyima chakula, hata kama hana kidonda hata kimoja. Ukimshika na kidari ukakuta mfupa umechongoka kama kisu, ujue hilo jambo limeanza siku nyingi.

Upara unasema ulikotoka

Hapa ndo penye kazi, na hapa ndo wengi tunapakimbia. Kabla hujatafuta mchokozi, mshike aliyeumia umsome mwili mzima.

Vidonda kichwani, kwenye upanga, vidamu damu usoni, mara nyingi hao wamepigana ana kwa ana, ni cheo. Upara uliokaa juu ya mkia, pale mgongo unapoishia, na manyoya ya mkia yamekatika katika, huyo ananyofolewa na wenzake. Kidonda sehemu ya haja, hiyo ndo hatari kubwa kuliko zote na ntairudia. Upara mgongoni katikati, pande zote mbili karibu sawa, halafu na kisogoni hamna manyoya, huyo hajaonewa na mtetea yeyote. Ni jogoo. Jogoo akipanda anashika manyoya ya kisogoni kwa mdomo na kusimama mgongoni kwa miguu, sasa kama jogoo ni wengi au ana kipi kirefu, ule mwiba wa mguuni, au ana mitetea wawili aliowapenda kuliko wengine, hao vipenzi ndo wanaobaki upara. Kwa kawaida jogoo mmoja anatosha mitetea 8 hadi 10.

Kifua na tumbo upara msafi bila kidonda kwa kuku anayeatamia, huyo kajinyonyoa mwenyewe ili ngozi iguse mayai, mwache. Manyoya kutoka mwili mzima huku mapya yanachomoza kama njiti za kiberiti, anabadilisha manyoya, kila kuku mkubwa anapitia hapo. Huyo nae muangalie kidogo maana zile njiti changa zina damu ndani, akidonolewa pale inatoka damu kweli na wenzake wanaiona. Akijikuna sana, chini ya mbawa na sehemu ya haja kuna vidudu vinakimbia au mayai meupe yameganda kwenye shina la nyoya, hao ni chawa. Utitiri na papasi wao wengi wanatoka usiku, mchana wamejificha kwenye nyufa za mbao, kwa hiyo ukimkagua saa sita mchana ukasema hana kitu unajidanganya, rudi usiku upitishe kitambaa cheupe chini ya fito wanazolalia uone kama hakirudi na madoa mekundu.

Halafu kuna kishingo. Naapa nimeshaulizwa na mtu dawa ya kuku wake "aliyenyonyolewa shingo yote", kumbe kanunua kuku kishingo, kazaliwa hivyo, kairithi kwa wazazi wake na watoto wake nao wanaweza kuwa hivyo. Kidimu nae manyoya yamejikunja kama kapigwa na upepo, na kibutu hana mkia kabisa. Hao wote wazima. Ila mwenye kishungi kikubwa kinachofunika macho anaonewa kweli, maana haoni anayekuja, punguza yale manyoya ya usoni kwa mkasi na mambo yanabadilika siku hiyohiyo.

Kunyofoana: ni kazi hakuna

Kuku wote tulionao asili yao ni yule kuku pori mwekundu wa misitu ya kusini mashariki mwa Asia, na yule mnyama sehemu kubwa ya mchana wake anaimaliza kwenye kupekua majani na kudonoa chini. Kudonoa ndo kazi yake ya kuajiriwa. Sasa we unamfungia kwenye banda la sakafu ya saruji, unamwekea chakula cha unga kilichosagwa laini, anamaliza kula ndani ya muda mfupi, halafu siku nzima iliyobaki mdomo wake ufanye nini? Unahamia kwenye kitu kinachopepea mbele yake, nacho ni mkia wa mwenzake. Hana chuki nae. Ni kama mtoto aliyefungiwa ndani siku ya mvua, ukirudi umekuta kachora ukuta.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kumpa mdomo kazi. Mwaga maranda au makapi ya mpunga sakafuni, unene wa kiganja, rushia nafaka kidogo humo wapekue. Ning'iniza fungu la mchicha au kabichi kwa kamba, juu kidogo ya kichwa chake aruke kulifikia. Waachie sehemu ya kuoga vumbi, mchanga mkavu uliochanganywa na majivu kidogo, kuku aliyeoga vumbi akajinyoosha juani ana raha zake hana habari na mkia wa mtu. Kama unaweza kuwafungulia uani jioni hata masaa mawili kabla ya jua kuzama, wafungulie, kunguru tu ndo uwaangalie kama una wadogo.

Dawa ya pili iko kwenye gunia. Nyoya karibu lote ni protini, na kuku mwenye upungufu anaitafuta popote ilipo. Chakula cha kuku wa mayai kinatakiwa kiwe na protini kama asilimia 16 hadi 18, mahindi matupu yana 8 au 9. Tunajua jinsi mambo yanavyokwenda, hela ikikata tunaongeza pumba, mashudu yamepanda bei tunapunguza mashudu, dagaa tulionunua nusu yake mchanga. Gunia linabaki na jina lilelile ila ndani sio kile tena. Dagaa safi na mashudu ya alizeti yana ile sehemu ya protini ambayo hasa inajenga manyoya, usizikate zote mbili kwa pamoja.

Na hapo ndo tunakutana na yule wa chumvi. Hajakosea kabisa, upungufu wa chumvi kweli unawafanya kuku kudonoana na kunyofoana. Lakini chakula kilichochanganywa sawasawa tayari kina chumvi, kama gramu 250 hadi 500 kwenye kilo 100, na kuku anahitaji kidogo hivyo tu. Ukimimina na kwenye maji wakati hana maji mengine ya kunywa, utaanza kuona kinyesi cha majimaji, ukizidisha unawaua. Kama unachanganya chakula mwenyewe nyumbani, kapime kama chumvi uliiweka. Kama unanunua kilichochanganywa, achana na chumvi.

Kulana

Hili haligojei kesho. Kuku anaona rangi vizuri kuliko sisi na nyekundu inamvuta, akimwona mwenzake ana doa la damu anadonoa kujaribu, akipata ladha anarudia, mwingine anaona nae anakuja, ndani ya saa moja unaweza kukuta kuku ameshatobolewa. Sio ushetani na wala sio hasira.

Mara nyingi linaanzia kwenye kiota. Mtetea akishataga, ile sehemu ya ndani inabaki imetoka nje kidogo kwa muda mfupi, ina unyevunyevu, nyekundu, inameremeta. Kwa mtetea aliyeanza kutaga kabla mwili haujakomaa, au aliyenenepa kupita kiasi, au yai lilikuwa kubwa, inachelewa kurudi. Sasa kama kiota chako kiko wazi mbele ya kila mtu na mwanga unapiga humo, wenzake wanaona kila kitu. Kiota kiwe na kigiza, tundika hata gunia lililopasuliwa katikati mlangoni, na viwepo vya kutosha, kimoja kwa mitetea wanne au watano, wasisubiriane.

Mwanga nao una kesi yake. Kuna watu wanaacha taa kali ya banda ikiwaka usiku kucha wakiamini kuku atataga mara mbili. Hatataga mara mbili. Kwetu huku mchana una masaa kama 12, anayetafuta mayai anaongezea taratibu mpaka masaa 16 kwa jumla, basi, zaidi ya hapo unapata kuku waliochoka na wenye hasira. Kwa vifaranga ni vilevile, balbu kubwa nyeupe iliyoning'inizwa chini chini inawachoma na kuwaonesha kila kidole cha mwenzao, wanaanza kudonoana vidole, tumia ya mwanga mwekundu au inyanyue juu.

Aliyeumia mtoe hapohapo, hiyo haina mjadala. Msafishe na maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, weka dawa ya kidonda yenye rangi ya bluu au zambarau ile ya duka la mifugo, inaua vijidudu na kuficha wekundu. Kama kidonda ni kirefu au sehemu ya haja imetoka hairudi, mwone daktari wa mifugo au ofisa ugani wa kata.

Kuhusu kuonja damu, mama mkwe ana nusu ya ukweli. Tabia inaambukiza kwa kuigana, na wapo wachache inawakaa kabisa, umerekebisha chakula, nafasi na mwanga bado yeye anatafuta damu tu. Huyo awe supu, sina shida nae. Ila kusema kila aliyeonja ni wa kuchinjwa, ungeanza kuchinja leo ungemaliza banda. Na hii ya kwamba ukiwapa kuku mabaki ya nyama unawafundisha kulana nayo sio kweli, kuku wa kienyeji anakula panzi, mchwa, mijusi na vipanya tangu zamani na banda halijageuka uwanja wa vita.

Midomo sasa. Mdomo wa kuku sio kama kucha ya kukata ukatupa, una mishipa ya fahamu mpaka karibu na ncha, anautumia kupapasa kama wewe vidole. Kwenye mabanda ya maelfu wanakata kwa mashine ya moto wakiwa vifaranga, na hata huko wapo waliokataa, Norwei wamepiga marufuku tangu 1974. Kwa mtu mwenye kuku tisa uani kukata midomo kwa kisu cha moto ni kumfanya kuku ashindwe kula ili we usirekebishe banda. Wazee wa zamani angalau walikuwa wabunifu, kule Marekani mwaka 1903 mtu alisajili miwani ya kuku, miwani kabisa ya kuvaa, ili wasitoboane macho, na baadaye zikatengenezwa za vioo vyekundu ili wasitambue damu. Bado mpaka leo kuna vya plastiki vinauzwa.

Na hapa niseme kitu kuhusu ushauri wa wenye mabanda makubwa. Kuku elfu tano hawajuani, kwa hiyo hawahangaiki sana na cheo, wanapishana kama abiria wa Kariakoo. Kuku tisa wanajuana kila mmoja, na mwonevu wao anamjua kwa sura yule anayemtaka. Wataalamu wengi wanataja kuku 5 au 6 kwa mita moja ya mraba, sawa, lakini kwenye banda la mita mbili kwa mbili anayekimbizwa anapiga hatua nne kagonga ukuta. Banda kama hilo mi nikiwafungia kutwa sizidishi 12. Na chombo cha chakula kimoja ni sawa na daladala moja saa kumi na mbili jioni, hata mstaarabu anasukuma. Weka viwili au vitatu, umbali ambao mwonevu mmoja hawezi kuvilinda vyote, na maji pia. Egemeza bati au ubao ukutani mtu apate pa kupotelea. Fito za kulalia ziwe usawa mmoja, maana ukiweka ngazi kila mtu anataka ya juu, na kila kuku apate sentimita 20 zake.

Mgeni, na kosa langu mwenyewe

Mwaka juzi nilinunua mitetea wawili wa Kuroiler, ile mbegu ya kuku chotara, sokoni, nikafika nao saa nane mchana, nikawatupia bandani moja kwa moja na kwenda kula. Niliporudi mmoja alikuwa kajibana nyuma ya pipa la maji upanga umechanika, na mtetea wangu wa kienyeji mwenye nusu ya uzito wake amesimama mbele kama askari. Ukubwa haukumsaidia kitu, pale alikuwa mgeni. Na bahati yangu tu hawakuniletea mdondo, ule ugonjwa wa kuku unaoambukiza na kuua, maana kuku wa sokoni hujui ametokea wapi.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na sisi tunaisema kama methali tu, kumbe ile kamba ilikuwa na kazi. Mgeni anafungwa asitoroke, azoee pale, na wenyeji wamzoee kumwona siku baada ya siku. Shida ya kamba ni kwamba aliyefungwa hawezi kukimbia akivamiwa, mi naona tenga ni bora, au kipande cha wavu. Mtenge kwanza mbali kabisa wiki mbili tatu uangalie ugonjwa, na chanjo ya mdondo apate. Halafu wiki moja akae ndani ya tenga au nyuma ya wavu, wanaonana, wanakula wakiangaliana, hawafikiani. Ndo umwachie, ikiwezekana huko nje uani kwenye nafasi, na chombo cha chakula cha ziada. Walete wawili au watatu badala ya mmoja, madonoo yagawanywe. Na vifaranga usiwachanganye na wakubwa mpaka wakaribiane kimo.

Kuna ile mbinu ya kumwingiza usiku kimyakimya ili asubuhi "waamke wadhani alikuwepo". Kuku sio wajinga kiasi hicho. Kama wameshaonana wiki nzima kwenye wavu, kumpandisha usiku inapunguza vurugu za mwanzo kweli. Kama hawajaonana umeahirisha vita mpaka saa kumi na mbili asubuhi, wakati we umelala.

La mwisho, na hili wengi wanalifanya kinyume. Mtu akiona kuku anaonewa anamtoa anayeonewa, anamweka peke yake wiki mbili anampendezesha, halafu anamrudisha. Umemrudisha mgeni, foleni ilishamsahau, anaanza upya kutoka chini na safari hii vibaya zaidi. Kama hana damu, mwache alipo, mtoe anayepiga. Mpeleke mbali wasimwone siku tatu mpaka tano. Huku nyuma wanapangana upya bila yeye, na akirudi yeye ndo anakuwa mgeni, anaingia kichwa chini. Wengi wanatulia. Wanaorudia mtoe tena, mara ya tatu ndo uanze kutafuta sufuria. Lakini kama ukimtoa mmoja anaibuka wa pili, ukimtoa wa pili anaibuka wa tatu, acha kutoa watu, rudi kapime banda na gunia. Na yule mwenye kidonda, akiwa anatibiwa, mweke nyuma ya wavu palepale bandani wenzake waendelee kumwona.

Sasa yule kuku wa kwenye kanga. Upara katikati ya mgongo na kisogoni, pande zote mbili sawa, hana kidonda juu ya mkia, sehemu ya haja safi. Nikamuuliza, "Dada, una majogoo wangapi?" Akasema wawili, mmoja ni wa mbegu ya Kuchi kapewa na shemeji yake, kwa mitetea sita. Jogoo la Kuchi unalijua, refu, zito, kipi kama msumari. Chumvi ingefanya nini hapo?

Kuchi alikwenda kwenye pilau ya Jumapili, shemeji hajaambiwa mpaka leo. Yule mtetea wenzake wala hawamgusi, ila upara bado upo na utakuwepo, kwa sababu nyoya lililong'olewa lote linaota upya baada ya wiki kadhaa lakini lililokatika shina likabaki ndani ya ngozi linasubiri mpaka kuku abadilishe manyoya. Jirani hakutaka kusubiri. Kachukua kipande cha kitenge, kashona kikoti kidogo chenye vitanzi viwili vya kupitisha mbawa, kinafunika mgongo jogoo aliyebaki asimkwaruze tena, na kimemkaa vizuri, sema siku ya kwanza wenzake wote walimzunguka wanadonoa maua ya kitenge wakidhani punje.